Ndoo, kiroba, pipa la bati au la magurudumu: chombo kipi cha taka kinafaa nyumba yako Mbeya?

Vijana wawili wa gari la taka walilishika pipa langu huku na huku, wakalitikisa, wakaliacha palepale.

"Shikamoo, mama. Hili leo hatuliwezi."

"Marahaba, wanangu. Si ndilo hilohilo mlilolibeba wiki iliyopita?"

"Wiki iliyopita halikuwa na maji, mama."

Ilikuwa mwezi wa tatu, huku kwetu Ilemi, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Pipa lilikuwa la bati, yale ya lita 200 yanayokuja na mafuta, nami nililinunua kwa furaha nikiamini nimemaliza shida ya taka nyumbani kwangu. Halikuwa na mfuniko. Mdomo wa pipa la namna ile una kipenyo cha karibu sentimeta 57. Piga hesabu utaona kwamba mvua ya milimita 40 inamimina humo lita 10 za maji, na lita 10 ni kilo 10. Ongeza bati lenyewe, karibu kilo 20 likiwa tupu. Ongeza maganda ya viazi na ya ndizi ya wiki nzima, yote yamelowa. Vijana hawakuwa wavivu, walikuwa wanaokoa viuno vyao. Gari likaondoka, pipa likabaki wiki nyingine, na kufikia siku ya tano funza walikuwa wanapanda ukutani.

Tangu siku ile nimebadilisha vyombo mara kadhaa na nimewasumbua majirani kwa maswali. Nimeona kwamba wengi wetu tunanunua chombo cha taka kwa kuangalia ukubwa na bei, halafu tunakuja kugundua barabarani kwamba kuna mtu anatakiwa kukinyanyua. Mimi sasa naanzia kwa huyo mtu. Nani atakitoa jikoni, nani atakishusha hadi gari linaposimama, njia ikoje, na nani atakimwaga? Ukishajibu hayo, vyombo vingi vinajitoa vyenyewe kwenye orodha.

Pima kwanza

Kabla ya kununua chochote, pima taka zako kwa wiki moja. Mimi niliazima mizani ya kuning'iniza ya jirani anayeuza viazi. Tuko watu sita. Kwa wiki ile tulitoa kilo 23. Kati ya hizo, 15 zilikuwa maganda, makapi ya mboga na mabaki ya chakula, nne majivu, na zilizobaki makaratasi, chupa za plastiki, pampasi na vifungashio. Nyumba yako itakuwa na hesabu yake, ila sura haitakuwa tofauti sana: kwenye nyumba nyingi za miji yetu, zaidi ya nusu ya uzito ni vitu vya kuoza.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Taka za kuoza ni nzito lakini hazichukui nafasi kubwa. Taka kavu ni nyepesi lakini zinajaza chombo haraka, chupa chache tu za maji zinatosha kulifanya pipa lionekane limejaa. Ukizichanganya unapata chombo kikubwa, kizito, kinachonuka. Ukizitenga, zile nzito zinaingia kwenye chombo kidogo chenye mfuniko, na zile nyepesi zinaweza kukaa hata kwenye kiroba.

Msimu nao uuhesabu. Mahindi mabichi yakiingia, taka za kwetu zinapanda ghafla. Maganda na magunzi ya debe moja la mahindi yanajaza ndoo mbili. Kisha kuna masika yenyewe, tangu Novemba hadi Aprili, ambapo kila kitu kisicho na mfuniko kinaongezeka uzito. Juni na Julai, usiku ukishuka chini ya nyuzi 10, maganda yanakaa siku nyingi bila kunuka na nzi wanapungua, kwa hiyo chombo kilichokutosha Julai kisikudanganye kwamba kitakutosha Februari.

Kiroba

Nianze na hiki kwa sababu ndicho kilichopo karibu kila nyumba: sandarusi iliyobaki baada ya unga, mchele au mbolea. Wanaokikosoa wanasahau kazi anayoifanya kijana wa taka. Kiroba kikifungwa mdomo, anakirusha juu ya gari na safari imeisha. Hakuna chombo cha kurudisha, hakuna mfuniko wa kutafuta. Kwa sisi tunaokaa kwenye miteremko ya chini ya Mlima Loleza, ambako gari haliingii na njia ni ya miguu, kiroba kinabebeka begani au kichwani, kitu ambacho pipa lolote haliwezi.

Lakini kwa taka mbichi kiroba hakifai kabisa. Maji yanapita kwenye nyuzi na kumtiririkia mbebaji mgongoni. Mbwa wanakipasua kwa usiku mmoja. Na kikikaa juani miezi michache, nyuzi zake zinakatikakatika kuwa vipande vidogo ambavyo mvua inavisukuma hadi mtaroni, kisha kwenye vijito vinavyoshuka kupita katikati ya mji. Nimevizoa kwa mikono yangu mbele ya nyumba, ni kazi isiyoisha.

Kwa hiyo: kiroba kwa taka kavu, ndani ya banda au chini ya paa, kibadilishwe kabla hakijaanza kuchakaa. Usikijaze lumbesa. Kikibaki na nafasi ya kufunga mdomo vizuri, kitafika kwenye gari kikiwa kizima. Kama kilikuwa cha mbolea au dawa ya shambani, kikung'utwe mbali na watoto, kioshwe, na kisirudi tena kubeba chakula.

Wapo wanaoniuliza kuhusu mifuko myeusi ya taka, kwamba si imekatazwa? Katazo lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lililenga mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya plastiki kwa ajili ya usafi na udhibiti wa taka viliachwa nje ya katazo hilo. Unaweza kuitumia bila hofu. Shida yake ni gharama ya kila wiki na wepesi wa kuchanika. Mimi naitumia kwa pampasi tu, kwa sababu sitaki mtoto wa mtu aziguse.

Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko

Hii ndiyo niliyoishia nayo, na nitasema kwa nini kwa kirefu.

Ndoo ya lita 20 ikijaa maganda inafika kilo nane hadi kumi. Mtoto wa darasa la sita anaibeba hadi barabarani bila kuiburuta, na mama mjamzito anaweza kumpa mtu mwingine bila kuomba msaada wa wanaume wawili. Kijana wa taka anaishika kwa mkono mmoja, anaipindua, anakurudishia. Ukiwa na ndoo mbili, moja ikiwa kwenye safari nyingine ipo jikoni. Taka zikiongezeka unaongeza ndoo ya tatu, hununui pipa jipya.

Jambo la maana kuliko yote ni mfuniko. Nzi akitaga kwenye taka wakati wa joto, mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja au pungufu, na ndani ya wiki moja hadi mbili unakuwa na nzi wapya wanaoruka. Gari linalopita mara moja kwa wiki linafaa kuvunja mzunguko huo, lakini likiruka wiki moja tu, kama yanavyoruka ya kwetu mara kwa mara, chombo kilicho wazi kinakuwa kiwanda cha nzi. Panya naye hahitaji mlango: anapita penye upenyo wa sentimeta mbili. Mfuniko uliopinda ni sawa na hakuna mfuniko.

Hapo ndoo ya rangi inaishinda ndoo ya dukani. Ni nene, na mfuniko wake unabana kwa kubonyezwa kuzunguka ukingo hadi usikie mlio. Mafundi rangi wanaziuza zikiwa tupu. Chagua iliyokuwa na rangi ya maji, iloweke, ikwangue, ioshe, kisha iandike TAKA kwa herufi kubwa ili isije siku moja ikatumika kuhifadhi maji ya kunywa. Zile ndoo nyeusi nyepesi za plastiki iliyoyeyushwa upya ni rahisi zaidi, lakini jua la milimani ni kali. Zikikaa nje mwaka mmoja zinakuwa kama biskuti, ukizigonga zinavunjika.

Ndoo ina adui mmoja mkubwa ndani ya nyumba zetu, nao ni majivu. Huku kwenye baridi jiko la mkaa halizimwi mapema. Usiku watu wanaotea moto, asubuhi anayefagia anakuta majivu ya kijivu, anayaona yamepoa, anayamimina kwenye ndoo. Kaa dogo chini ya majivu linaweza kubaki hai usiku kucha na zaidi. Siku moja nilinyanyua ndoo yangu ya kwanza nikaona inavuja. Nilipoigeuza, kitako kilikuwa kimeyeyuka na kufanya tundu la ukubwa wa mdomo wa kikombe, kingo zake zimejikunja na kung'aa kama nta, na kipande cha mkaa kimeganda ndani ya plastiki. Ilikuwa kwenye stoo, kando ya viroba vya karatasi. Nilikaa chini.

Kwa sababu hiyo kila nyumba inayotumia mkaa au kuni inahitaji chombo cha pili, cha bati, kwa majivu peke yake: debe kuukuu, sufuria iliyotoboka iliyozibwa, kopo kubwa la maziwa ya unga. Kikae nje, juu ya udongo au saruji, mbali na ukuta wa mbao. Majivu yakishapoa siku mbili, mwaga chooni kama ni choo cha shimo au nyunyiza kidogo kwenye bustani. Hayana haja ya kupanda gari.

Pipa la bati

Pamoja na yaliyonipata sitalitukana pipa la bati. Halipasuki, panya halitoboi, moto haulitishi, na fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza kwa namna unayotaka. Penye wapangaji wengi, mfano nyumba za vyumba nane au kumi kama zilizojaa Mabatini, Simike na Ilomba, ndoo moja moja zinageuka ugomvi: ya nani imejaa, nani kaiba mfuniko. Pale pipa la pamoja lina maana yake.

Ila lipunguze. Pipa lililokatwa katikati linabaki na lita 100, na vijana wawili wanaliinua likiwa limejaa. Mwambie fundi aweke mikono miwili ya nondo pembeni, mifuniko ya bati yenye bawaba, na kingo zikunjwe au zifunikwe kwa mpira uliopasuliwa wa baiskeli, kwa sababu bati lililokatwa linachana viganja. Toboa matundu machache kwenye kitako ili maji yasisimame, kisha liinue juu ya matofali mawili. Lisipoinuliwa, kutu inaanzia chini na kwenye mvua zetu haichukui miaka mingi kabla kitako hakijadondoka siku ya kulinyanyua.

Tahadhari mbili ambazo si za kuchezea. Pipa lililobeba petroli au kemikali lisikatwe kwa moto wa gesi wala wa umeme kabla ya kusafishwa kabisa na anayejua kazi hiyo, kwani mvuke uliobaki ndani unalipuka, na umewaua mafundi. Na pipa lililokuwa la sumu za shambani usilinunue kabisa hata likiuzwa kwa bei ya kutupa. Muulize muuzaji lilikuwa na nini. Asipojua, liache.

Watu wengine wanalipenda pipa la bati kwa sababu wanachomea taka humo humo. Naelewa inakotokea: gari halijapita wiki mbili, harufu imezidi, kiberiti kipo. Lakini plastiki inayoungua kwenye moto mdogo namna hiyo inatoa moshi wenye sumu, zikiwemo zile zinazoitwa dioksini, na moshi huo unaingia dirishani kwa jirani mwenye mtoto anayekohoa. Pipa la kuchomea sitakushauri.

Pipa la magurudumu

Haya ya plastiki ngumu yenye magurudumu mawili na mfuniko wa bawaba yanaonekana zaidi kwenye hoteli, shule, benki na nyumba za Forest na maeneo mengine yenye lami. Saizi za kawaida ni lita 120 na 240. La lita 120 likiwa tupu lina karibu kilo kumi na limetengenezwa kubeba takriban kilo 48, lile la 240 kama kilo 96.

Uzuri wake ni wa kweli. Mfuniko unamwaga maji, plastiki yake imetengenezwa kuhimili jua, na mtu mmoja analisukuma likiwa na mzigo ambao asingeweza kuuinua. Kwa mzee anayeishi peke yake kando ya barabara nzuri ni ukombozi.

Lakini lilibuniwa likiwa na mwenzake: gari lenye mkono wa mitambo unaolishika na kulipindua. Magari mengi yanayopita mitaani kwetu ni ya kupakia kwa mikono, na penye vichochoro zinakuja guta au mikokoteni. Hapo kijana analazimika kulinyanyua lote hadi juu ya bodi, au kuzoa taka kwa koleo kutoka ndani ya shimo refu jembamba. Nimeona wakilipindua chini, taka zote zikamwagika barabarani, halafu wakaanza kuzizoa. Pia magurudumu yake yana kipenyo cha sentimeta 20 hivi. Yanapita kwenye lami na saruji. Kwenye tope jekundu la Machi, kwenye ngazi za mawe, au kwenye mteremko wa Iganzo, yanakwama au yanakimbia yenyewe. Jirani yangu lake lilimponyoka likashuka hadi kwa watu wa chini, na bahati njema hapakuwa na mtoto njiani.

Bei nayo: fedha ya pipa moja la lita 120 inakununulia zaidi ya ndoo kumi za lita 20 zenye mifuniko. Ukiwa na lami hadi getini, gari linalopita kwa uhakika na familia kubwa, linunue. Ukikosa mojawapo ya hayo, fikiri tena.

Ya jikoni, kwa ufupi

Pipa la kukanyaga linapendeza na lina faida moja kubwa, hugusi mfuniko ukiwa na mikono ya samaki. Anayetajwa kulibuni ni injinia wa Marekani, Lillian Gilbreth, aliyechunguza kwa kina kazi za jikoni. Nunua dogo, la lita 5 hadi 12, ili lazima limwagwe kila jioni. Kubwa linakaa na taka siku tatu na kukuletea mende. Kinachovunjika ni kanyagio, kwa hiyo likanyage dukani mara ishirini kabla hujalipa, usione aibu. Lenye ndoo ya ndani inayotoka ndilo la kuchukua.

Tenga la mianzi nalipenda kwa macho na ni kazi ya mikono ya watu wetu, lakini kwa taka za jikoni linavuja kila upande. Liweke sebuleni au ofisini kwa karatasi. Basi.

Vitu vya hatari vina chombo chao: nyembe, sindano za mgonjwa wa kisukari, glasi iliyovunjika. Chupa ngumu ya plastiki yenye kizibo cha kuzungusha inatosha. Ifunge, iandike, na za sindano zipeleke kituo cha afya unakotibiwa. Wanaopekua taka kutafuta chupa na vyuma chakavu wanatumia vidole vitupu.

Chombo ambacho hakinunuliwi

Mwaka 1883 mkuu wa mkoa wa Seine huko Ufaransa, Eugène Poubelle, alitoa amri kwamba wenye nyumba za Paris wawape wapangaji vyombo vyenye mfuniko, tena vitatu: kimoja cha vitu vya kuoza, kimoja cha karatasi na nguo kuukuu, kimoja cha vigae, glasi na magamba ya chaza. Watu walikasirika. Leo jina lake ndilo neno la Kifaransa la pipa la taka. Nalileta hapa kwa sababu kutenga taka kunasemwa kama jambo jipya la wataalamu, kumbe ni la zamani, na huku kwetu tuna sababu kubwa kuliko ya Paris: tuna ardhi inayozipokea.

Kama una kiwanja chenye nafasi ya hata mita mbili kwa mbili, zile kilo 15 za kuoza hazihitaji kutoka getini. Chimba shimo la kina cha mita moja, mbali na kisima na mahali palipoinuka ambapo maji hayatuami, weka maganda, funika kwa majani makavu au udongo kila mara, likijaa hamia la pili na panda mgomba juu ya lile la kwanza. Kwa mboji ya juu ya ardhi, changanya maganda mabichi na pumba za mpunga, zinazopatikana kirahisi kutoka Mbarali na Kyela, na uigeuze kila baada ya wiki chache. Kwenye baridi yetu inachelewa kuliko wanavyosema watu wa pwani, usikate tamaa mwezi wa saba. Kokwa la parachichi litakusumbua, lipasue kwa panga kwanza. Viazi vilivyooza kwa ugonjwa visirudi bustani ya viazi.

Mimi nagawana na jirani anayefuga nguruwe. Kila jioni mwanaye anapita: "Shikamoo, mama. Nimefuata maganda." Anaondoka na ndoo, anairudisha imeoshwa, mama yake ananiambia ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, nami nashukuru zaidi yake. Sharti tuliloweka ni kwamba mabaki yenye nyama, hasa ya kitimoto, hayaingii humo. Homa ya nguruwe ya Afrika inasafiri kwa mabaki hayo na imewahi kumaliza mazizi ya watu mikoa hii. Mabaki ya mezani yakilazimika kutumika, yachemshwe nusu saa nzima.

Tangu tuanze hivyo, kinachobaki kwa gari la taka ni kiroba kimoja chepesi na mfuko wa pampasi.

Mahali ulipo panabadilisha jibu

Ushauri huu nimeuandika nikiwa Mbeya mjini. Ukiwa Tukuyu, ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka na karibu hakuna mwezi mkavu kabisa, usifikirie chombo chochote kisicho na mfuniko wala bati lisilopakwa rangi, na shimo lako lijengewe kapaa ka nyasi au mabati, la sivyo litakuwa bwawa. Makambako na Njombe shida ni upepo: kiroba kisichofungwa na mfuniko usiobana vinaruka, weka jiwe juu au funga kwa mpira wa tairi la ndani. Iringa ni kavu kuliko kwetu, kwa hiyo bati linadumu zaidi, lakini miteremko ya mji ule kuelekea Ipogolo inafanana na ya kwetu na magurudumu yatakutesa vilevile.

Ningenunua nini

Nyumba ya familia moja yenye kiwanja, njia ya miguu: ndoo mbili za rangi, debe la majivu, viroba viwili vya taka kavu, na shimo. Ndicho nilicho nacho na sitabadilisha.

Nyumba ya wapangaji: nusu pipa mbili badala ya pipa moja zima, moja ya kuoza na moja ya vikavu, zenye mifuniko, na mpangilio wa nani anazitoa siku gani ubandikwe mlangoni. Mwenye nyumba alipie vyombo. Si haki kumdai mpangaji wa chumba kimoja anunue pipa litakalobaki hapo akihama.

Nyumba ya kwenye lami isiyo na bustani: pipa la magurudumu la lita 120, si la 240, pamoja na ndoo ndogo ya jikoni. La 240 litajaa kilo nyingi kuliko vijana wanazoweza kuinua, na mtarudi pale nilipoanzia mimi.

Mwenye duka la mboga au mama lishe: ndoo tatu au nne za lita 20, zitoke kila siku, na atafute mfugaji. Maganda ya mama lishe mmoja ni chakula cha nguruwe wawili.

Ukienda sokoni Mwanjelwa au Soweto Jumamosi hii, chukua ndoo, weka mfuniko, ipindue juu chini na uitikise. Mfuniko ukidondoka, rudisha. Ibonyeze ubavu kwa dole gumba, ikibonyea kama karatasi ni nyepesi mno. Angalia mkono wa waya unapoingia kwenye masikio ya ndoo, hapo ndipo zinapokatika. Ukifika nyumbani, chukua msumari uliopashwa moto na uandike namba ya nyumba yako ubavuni na kwenye mfuniko, vyote viwili, kwa sababu vijana wa gari wana haraka na mifuniko ya mtaa mzima inafanana.